Disney kwanza, meli baadaye: Orlando na Bahamas kwa gari letu wenyewe

Nianze na jibu maana najua wengi mnakimbilia hapo: ndiyo, unaweza kuwapeleka watoto Disney World, zile bustani za michezo za Orlando, Florida, na kuwapandisha meli ya kruzi (ya matembezi ya baharini) kwenda Bahamas kwenye likizo hiyo hiyo moja, kwa gari lenu, na kwa familia ya watu sita kama sisi inatoka nafuu kuliko kufanya safari mbili mbali mbali. Ila mpangilio ndo kila kitu. Bustani zitangulie, meli ifuate, na katikati muweke siku moja isiyo na ratiba yoyote. Nimeshawasikia wengi waliofanya kinyume chake, wanashuka melini saa moja asubuhi wamebeba nguo chafu, watoto hawajalala vizuri, halafu wanaunganisha moja kwa moja mpaka kwenye foleni za Orlando na jua lile. Hapana kwa kweli.

Sisi tunaishi Georgia, juu kidogo ya Atlanta. Msafara ulikuwa mimi, baba watoto, watoto watatu (mkubwa ana miaka kumi na moja, wa kati saba, na mdogo alikuwa bado hajatimiza mitatu) na mama mkwe wangu ambaye alikuja kututembelea kutoka Tanga. Nawataja na umri wao makusudi, maana kwenye safari hii umri wa kila mtu ni pesa. Disney mtoto chini ya miaka mitatu anaingia bure, kuanzia mitatu mpaka tisa analipa bei ya mtoto ambayo haipishani sana na ya mkubwa, na akifika kumi tu basi ashakuwa mtu mzima kwenye vitabu vyao. Kwa hiyo kama una mtoto anakaribia kutimiza mitatu, mpeleke kabla ya siku yake ya kuzaliwa, ndo ushauri wangu wa bure huo.

Kuhusu barabara sina mengi. Tunatoka baada ya swala ya alfajiri ili tulipite jiji la Atlanta kabla halijaamka, tunashika barabara kuu ya I-75 kushuka kusini, Macon, Tifton, Valdosta, mnaingia Florida, halafu pale Wildwood mnaingia Florida's Turnpike ambayo ni ya kulipia mpaka Orlando. Ni kama kilomita 700 hivi, masaa sita na nusu mpaka saba kama hamna ajali njiani, na ukiwa na watoto wadogo ongeza masaa mawili. Kama una Peach Pass ya Georgia, ile kadi ya gari ya kulipia barabara, usinunue nyingine, inasoma kwenye barabara za kulipia za Florida vizuri tu. Vyoo visafi kuliko vyote njia nzima ni pale Buc-ee's, kituo cha mafuta chenye duka kubwa, karibu na Warner Robins, na mkivuka tu mpaka wa Florida kuna kituo cha wageni cha jimbo kinachotoa kikombe kidogo cha juisi ya machungwa bure, simameni, watoto wanyooshe miguu, mzee apumzike kidogo.

Orlando tulipanga nyumba Kissimmee, mji wa jirani, badala ya hoteli, na hapo tuliokoa sana. Kuna nyumba za wageni nyingi mno mitaa ile na ukiwa na jiko unapika wali na maharage jioni, asubuhi unachemsha chai na mayai, unafunga sambusa na matunda kwenye kibegi cha barafu unaingia navyo bustanini. Disney wanaruhusu chakula chako, wanachokataa ni chupa za kioo na pombe. Na maji ya baridi unaomba kikombe bure kwenye sehemu yoyote wanayouza vinywaji vya mashine, usinunue chupa. Hayo mambo mawili tu, kwa familia kubwa kwenye joto la Florida, ni pesa ndefu.

Tiketi zenyewe sasa. Mwaka 2025 ya siku moja ilikuwa inaanzia dola 119 siku zilizopoa mpaka karibu dola 200 kwa Magic Kingdom siku za Krismasi, na zinafungwa kwenye tarehe, yaani unachagua siku kabisa. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na bustani: meli ikichelewa kurudi kwa sababu ya hali ya hewa, tiketi zenu za tarehe ile zimeshaingia kwenye msukosuko. Lakini mkiwa mmeanza Orlando, hata gari likiwasumbua njiani mna siku za kufidia kabla meli haijaondoka, na meli haimsubiri mtu. Kupaki gari bustanini ilikuwa dola 30 kwa siku, unalipa mara moja hata ukihamia bustani nyingine siku hiyo hiyo.

Disney World ina bustani nne, na mimi siamini kwenye kuzimaliza zote. Tulichagua mbili, Animal Kingdom na Magic Kingdom. Ya pili nitaisema kwa kifupi maana kila mtu ameshaisema: ni nzuri, ni ya watoto, imejaa watu, ilifunguliwa Oktoba 1971 na bado watu wanaingia utadhani imefunguliwa jana. Kitu kimoja watu hawaambiwi ni kwamba ukipaki gari hujafika, kutoka kwenye paking unapanda treni ya juu au kivuko kuvuka ziwa ndo ufike getini. Sisi tulipanda kivuko, mama mkwe akashika bomba pale mbele akasema hiki ni kivuko cha Pangani kabisa ila hiki hakina baiskeli na matenga ya samaki, basi alifurahi kile kivuko kuliko kasri lenyewe. Kama una mzee, panga kivuko, panga pia kiti cha magurudumu, wanakodisha pale mlangoni, lakini sisi tuliazima cha kukunja kwa jirani tukaja nacho kwenye gari na kikatufaa mpaka melini. Hapa ndo unaona uzuri wa gari lako, ndege ungekwama na mizigo yote hiyo.

Animal Kingdom ndo nataka niiseme vizuri, maana sijaona Mswahili mwenzangu akiielezea na inatuhusu kuliko wote. Ilifunguliwa mwaka 1998, na upande wake wa Afrika wamejenga mji mzima wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki unaoitwa Harambe. Waliuchukua umbo lake Lamu. Kuta zimepauka na plasta imebanduka kwa makusudi, nyaya za umeme zinaning'inia, matangazo yamebandikwa ukutani juu ya matangazo mengine, kuna kibaa kinaitwa Dawa, kuna kibanda cha vitu vitamu kinaitwa Tamu Tamu, na kuna mahali pameandikwa Uhuru 1961. Wanangu wamezaliwa Marekani, Kiswahili wanakisikia nyumbani tu, wakawa wanakimbia kutoka kibao kimoja mpaka kingine wanasoma kwa sauti na watu wanawageukia. Yule wa kati alimsomea familia moja ya Wazungu kibao chote, wakampigia makofi. Nilisikia raha ambayo siwezi kuielezea.

Mama mkwe yeye alisimama katikati ya ule mtaa akatazama huku na huku taratibu. Yeye Lamu ameshafika, alienda kwenye Maulidi zamani. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wamefika kweli Lamu, wameangalia vizuri. Lakini punda wako wapi?" Na ni kweli, punda hakuna! Akaenda akakaa kwenye kivuli, akauliza kila kitu, nani alijenga, nani anapaka rangi ionekane imechakaa hivi, na kwa nini mtu apake rangi mpya ionekane kuukuu. Uhuru wa 1961 yeye anaukumbuka, alikuwa binti mdogo, akawa anawasimulia wajukuu pale pale, na mimi nikaona tiketi yake imeshalipa.

Halafu Kilimanjaro Safaris. Unapanda lori la wazi, mnapelekwa kama dakika ishirini hivi kwenye eneo la karibu hekta 45, mnaona twiga, tembo, viboko, nyumbu, simba wakiwa wamelala juu ya mwamba, na faru. Mibuyu mingine ni ya kujengwa kwa saruji, lakini wanyama ni wanyama. Nendeni asubuhi mapema, mkifika tu geti likifunguliwa, maana jua likipanda wanyama wanajificha na foleni inakuwa ndefu, na kiti cha mzee wanakiangalia vizuri kwenye kupandisha. Sasa faru alitokea upande wetu, karibu kabisa, na mama mkwe akashika mkono wangu kwa nguvu. Amezaliwa Tanga, ameishi Tanga, na hifadhi ya Mkomazi yenye faru weusi inaingia mpaka mkoa wake mwenyewe, lakini faru hajawahi kumwona kwa macho yake mpaka siku ile, Florida. Hilo liliniuma. Baba watoto akamwambia mama tukirudi nyumbani mwakani naenda kukupeleka Mkomazi, na nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni kwangu isije ikasahaulika. Nyie mlioko Dar, Tanga, Moshi, wapelekeni wazazi mbugani jamani, kiingilio cha raia ni kidogo sana.

Siku ile ile jioni tulikula Sanaa, mgahawa ulioko ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge upande wa Kidani Village. Huhitaji kulala pale ili ule, unafanya tu bukingi kwenye apu ya Disney mapema. Sisi tunakula halali kwa hiyo nyama tuliziacha tukaagiza ile sinia yao ya mikate ya kihindi na vitoweleo tisa, chatini ya ukwaju, ya giligilani, ya embe, achari ya vitunguu saumu, pilipili ya kusaga. Mkate wa moto, unamega, unachovya, nje ya dirisha twiga anapita. Chakula kizuri kuliko vyote tulivyokula Orlando na kilitushibisha sote kwa bei ya watu wawili. Vijana wengine wanaofanya kazi kwenye ile hoteli wanatoka nchi za kusini mwa Afrika, kwenye beji ya kifuani imeandikwa kwao ni wapi, mama mkwe aliwasalimia mmoja mmoja.

Joto lakini mjiandae. Tulienda wiki ambayo shule za kaunti yetu zinafungwa msimu wa majani kupukutika, bei zinashuka kwa kuwa majimbo mengine shule zimefunguliwa, ila ni ndani ya msimu wa vimbunga, ambao ni kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Mvua ya saa tisa alasiri kila siku ni kama ahadi. Makoti ya mvua ya nailoni nunua kabla hujatoka nyumbani. Na bima ya safari inunue mapema siku unayolipia meli, maana kimbunga kikishapewa jina, bima unayonunua baada ya hapo haikilipii kimbunga hicho.

Siku ya katikati sasa, ile isiyo na ratiba. Kutoka Orlando mpaka Port Canaveral ni barabara moja tu, 528 wanayoiita Beachline, ya kulipia, kama saa moja na mmefika. Sisi tulilala sana asubuhi, tukafua nguo zote kwenye mashine ya ile nyumba ya Kissimmee (hii ni muhimu, mnaingia melini na nguo safi), tukaondoka polepole, mchana tukawa tumekaa Jetty Park pale pale bandarini. Hii ni bustani ya ufukweni yenye gati la kuvulia samaki, na jioni meli za kruzi zinapotoka zinapita kwenye mfereji karibu yako kabisa unaona watu wanapunga mikono kwenye vibaraza vyao. Watoto walikuwa wanaruka ruka wanapiga kelele meli ikipiga honi, na wakajua kesho ni sisi. Wenye nguvu na pesa wanaweza kuingia Kennedy Space Center, kituo cha safari za anga, siku hiyo, iko jirani na ina chombo chenyewe cha Atlantis kilichoruka angani mara 33, lakini ni mahali pa kutembea siku nzima na mimi lengo langu lilikuwa miguu ipumzike. Sijutii.

Usiku tulilala hoteli moja ya karibu na bandari, jina nalihifadhi, ambayo inauza kifurushi cha chumba pamoja na kukuachia gari pale na kukupeleka bandarini kwa basi lao dogo. Kwenye karatasi ni nafuu. Asubuhi tukakuta basi ni moja, watu wamejaa kibarazani na masanduku, majina yanaitwa kwa orodha ambayo hata aliyeishika haielewi, na muda wetu wa kuingia melini unapita tu, mama mkwe amekaa juu ya sanduku kwenye jua. Baba watoto akasema basi, akapakia mizigo kwenye gari letu tukaenda wenyewe. Dakika kumi tu tukawa bandarini! Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: pakini bandarini kwenyewe. Ilikuwa kama dola 20 kwa siku, wanahesabu na siku ya kuondoka na ya kurudi, lakini unashusha wazee na masanduku mlangoni, wachukuzi wanapokea mizigo (wape chochote kidogo, ndo utaratibu), halafu baba anapeleka gari kwenye jengo la paking anarudi kwa miguu. Na vitu vyote vya bustani ambavyo melini havihitajiki, birika la umeme, pasi, kibegi cha barafu, vinabaki kwenye buti. Birika na pasi melini haviruhusiwi kabisa, vitachukuliwa.

Meli tuliyopanda ni Utopia of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, inafanya safari fupi za usiku tatu au nne kutoka hapo Canaveral kwenda Nassau, mji mkuu wa Bahamas, na kisiwa cha kampuni yenyewe cha CocoCay. Iliundwa Ufaransa, ikaanza kazi Julai 2024, tani 236,000 na ushee. Namba hizo hazikuambii kitu mpaka usimame chini yake. Kwa nini sio meli ya Disney wakati tumetoka Disney? Bei. Kwa familia ya ukubwa wetu tofauti ilikuwa kubwa mno, na watoto walikuwa wameshashiba Mickey.

Tulichukua vyumba viwili vyenye mlango wa katikati, kimoja kina kibaraza cha kutazama bahari na hicho kilikuwa cha bibi na mjukuu mkubwa. Kama kuna mahali pa kuongeza pesa kwenye safari nzima ni kibaraza cha mzee. Alikuwa anaamka, anaswali, anafungua mlango wa kioo, anakaa pale na chai yake mpaka sisi tunaamka. Kibla melini inabadilika kadiri meli inavyogeuka, kwa hiyo kila swala tulikuwa tunaangalia dira ya simu upya, na dira inafanya kazi hata simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Hali ya ndege yenyewe msisahau, mkishaondoka bandarini simu ikikamata mtandao wa meli bili yake mtalia.

Chakula kimeshalipiwa kwenye nauli, na hapo ndo unaelewa kwa nini meli iwe ya mwisho. Baada ya siku za kufunga sambusa na kusukuma vigari vya watoto, unakaa mezani unaletewa, hupiki, huoshi, huendeshi gari, huhesabu. Bufee yao ilikuwa na wali na kari za kihindi, samaki, mboga, matunda, tulipata cha kula bila shida. Maji, chai, kahawa na juisi ya ndimu ni bure, soda ni ya kununua, lakini siku ya kupanda mnaruhusiwa kuingia na katoni ndogo ya vinywaji visivyo na pombe, makopo 12 kwa chumba. Bakhshishi ya wafanyakazi wanaikata wenyewe kila siku, ilikuwa kama dola 18 na nusu kwa kichwa, na kichwa ni kichwa hata cha mtoto mchanga, kwa watu sita usiku tatu hiyo ni zaidi ya dola 330 ambazo hazipo kwenye ile bei ya tangazo. Iwekeni kwenye bajeti toka mwanzo.

Wenye watoto wadogo hapa msome vizuri. Klabu ya watoto ni bure na ni nzuri sana lakini ni kuanzia miaka mitatu na awe ameshaacha nepi. Chini ya hapo kuna chumba cha kulelea watoto, cha kulipia kwa saa. Na mtoto wa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa, hata zile nepi za kuogelea, kuna sehemu yao ndogo ya maji ya kurukaruka basi. Mwanangu mdogo aliona wenzake wanaogelea akalia kilio cha haki, tukawa tunampeleka kwenye farasi wa kuzunguka na kwenye ile bustani ya miti halisi iliyoko katikati ya meli, unatembea chini ya majani ukisahau kama uko baharini. Watoto wa chini ya miezi sita hawapandi kabisa kwenye safari hizi, na mama mjamzito mwisho ni wiki 23.

Nassau wengi wanashuka wananunua vikofia wanarudi. Sisi tulipanda kwa miguu mpaka Queen's Staircase, sio mbali na bandari. Ni ngazi 66 zilizochongwa kwenye mwamba mwishoni mwa miaka ya 1700, na waliozichonga ni watumwa, watu waliotolewa Afrika, kwa mikono, wakikata lile jiwe la chokaa mpaka likawa korongo refu lenye kuta mbili. Ndani yake kuna ubaridi na maji yanachuruzika pembeni. Baba watoto aliwasimamisha watoto chini kabisa akawaambia wapitishe viganja ukutani wahisi alama za vyuma, akawaeleza. Mwanangu mkubwa alinyamaza mpaka tunarudi melini. Kwangu mimi pale ndo palikuwa na uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari hii.

CocoCay ni raha tupu na haina mengi ya kueleza. Meli inaegesha kwenye gati, mnashuka kwa miguu. Ufukwe, viti, chakula cha mchana, bwawa kubwa la maji baridi yasiyo na chumvi na sehemu ya watoto ya kurushiana maji vyote havina malipo. Ile bustani ya minara ya kuteleza ni ya kulipia na bei yake imechangamka, kwa watoto wa umri wa wangu siipendekezi, vya bure vinatosha na siku inaisha hamjamaliza. Jaketi za kuelea wanatoa.

Sasa makaratasi, na hapa nawaomba mnisikilize kama ndugu. Kwenda Bahamas kwa meli ni kutoka nje ya Marekani. Raia wa Marekani kwa safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile anaweza kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali, watoto chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa kinatosha, japo pasipoti ni bora maana mtu akiugua kisiwani atarudi kwa ndege na ndege haitaki cheti. Mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) aibebe yenyewe, sio kopi, pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mgeni kama mama mkwe wangu hakikisheni visa yake ni ya kuingia mara nyingi, la sivyo anatoka na kurudi hawezi. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, na najua Wakongomani na Warundi wengi huku mmekuja hivyo, kama hamjapata uraia wa Marekani mnahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi kabla ya kukanyaga meli, na inachukua miezi kuipata. Na yule ambaye maombi yake ya grinikadi bado yako ofisini, ukitoka bila kibali cha safari maombi yanaweza kuhesabiwa umeyaacha. Ongea na wakili kwanza. Orlando itakutosha mwaka huu, Bahamas haihami.

Kurudi: mnashuka asubuhi mapema, ukaguzi ni wa kupigwa picha ya uso na haukutuchukua muda, gari mnalikuta pale pale kwenye jengo. Watu wengi wanakanyaga mafuta siku hiyo hiyo mpaka Atlanta, ni kama kilomita 800 kwa I-95 halafu I-10 kukamata I-75, na kichwa bado kinayumba na mawimbi. Sisi tuligawanya, tukasimama St. Augustine watoto wakaona ngome ya Wahispania, tukalala Jacksonville, kesho yake mchana tukawa nyumbani na mtu ana jioni nzima ya kujiandaa na kazi.

Mkitaka kufanya hivi, lipieni meli kwanza maana vyumba vyenye mlango wa katikati huisha mapema, kisha nyumba ya Kissimmee yenye kuruhusu kughairi, na tiketi za Disney mwisho mkishajua tarehe hazitabadilika. Meza ya Sanaa inafunguliwa siku 60 kabla, wekeni alamu.